Mama Kufuli na akiba ya Tusimame

Watu wa soko la Kikula, mjini Likasi, wanamwita Mama Kufuli, naye anaitika. Jina lake ni Chiku, binti wa Nasoro, dereva wa lori aliyetoka Kasongo akiwa kijana, akaoa Likasi na kuzikwa Likasi. Kibanda chake kiko upande wa soko unaouza vyuma: minyororo ya baiskeli, spoki, bolti, beringi mpya na zilizotumika. Anajulikana kwa kutopunguza bei. Ukimwomba apunguze atakuuliza habari za watoto, atacheka na wewe, kisha atakutajia bei ile ile.

Ugumu huo wa mkono ulitokana na hasara ya baba yake. Nasoro alikuwa akiweka mshahara wake nyumbani, noti juu ya noti, akitaka kununua kiwanja. Pesa ya wakati huo, zaire, ilipoporomoka alitoka na mfuko mzima, akarudi na sukari, sabuni na chupa ya mafuta. Chiku alikuwa msichana wakati huo. Hakumwona baba yake akilia. Alimwona akizikunja noti zilizobaki na kuzibia ufa wa dirisha ili mvua isiingie. Tangu siku ile aliamini kwamba pesa hupita na chuma hubaki, na alipoanza biashara hakuuza kitu kinachooza.

Mdogo wake Bilal aliugua polio akiwa mtoto, miguu ikabaki myembamba kama ya ndege. Alikua akitambaa uani, mpaka alipojifunza mwenyewe kuunganisha mabomba na magurudumu ya baiskeli, akapata kiti cha magurudumu matatu kinachosukumwa kwa mikono. Hapa Likasi tunakiita trisikli. Walemavu wengine wakaja kuomba watengenezewe. Baada ya miaka michache Bilal na wenzake wakaandikisha chama, wakakiita Tusimame. Wapo waliosema jina hilo ni utani mbaya, kwa kuwa nusu ya wanachama hawawezi kusimama. Bilal aliwajibu kwamba ndiyo maana.

Chama kilikuwa na atelie, yaani karakana, ndogo ya mabati nyuma ya nyumba ya kina Bilal, mafundi watano, na rafiki mmoja wa mbali: kikundi cha wastaafu wa reli huko Ubelgiji, waliokuwa wakichanga kila mwaka na kulipia trisikli za watu wasio na uwezo, pamoja na mishahara. Mwenyekiti alikuwa Albert Kabongo, mwalimu mstaafu anayetembea kwa fimbo, mtu wa maneno mazuri. Mweka hazina wa kwanza alihamia Kolwezi bila kuaga, na sanduku likakutwa jepesi. Ndipo wakamwomba Chiku ashike hazina, ingawa yeye ana miguu yake yote.

Chiku alikubali kwa sharti moja. Katika kila trisikli inayotoka, sehemu ya kumi ya bei yake iwekwe kando, isiguswe ila siku kazi ya atelie itakaposimama. Kifungu hicho aliwatajia yeye mwenyewe neno kwa neno, Kabongo akaandika, mkutano ukapitisha. Nusu ya akiba aliiweka benki kwa dola. Nusu nyingine aliigeuza mabomba, majenti, yaani rimu za magurudumu, na mipira yake, akavifungia katika stoo ya kibanda chake. Bei ya bomba ikipanda, alifurahi kimya kimya.

Hapo ndipo jina la Kufuli lilipoanzia. Kabongo alitaka ofisi. Alisema wafadhili wanapenda kuona jengo, lenye kibao na ukuta uliopakwa rangi, na kwamba chama kinachokutana chini ya mabati kinaonekana kama kijiwe cha mafundi baiskeli.

"Njo vile tuko," Chiku alimjibu mbele ya wote. "Sisi ni mafundi baiskeli. Ukuta utapanda juu yake uende nayo sokoni?"

Watu walicheka, wakapiga kura, na ofisi haikujengwa. Kabongo alinuna wiki nzima. Chiku alirudi nyumbani ameridhika, na tangu siku hiyo alizoea kushinda kila akitaja kile kifungu. Fulani akitaka mkopo, kifungu. Fulani akitaka chama kinunue viti vya plastiki vya kukodisha kwenye matanga, kifungu. Watu wakaacha kuomba, naye akadhani wamekubali.

Katika mafundi wale watano, aliyekuwa akishika kazi yenyewe ni Théodore, mchomeleaji. Alikuwa mchimbaji kabla ya hapo, katika mashimo ya watu binafsi ya kobalti, mpaka udongo ulipomwangukia, akakatwa mguu wa kulia juu ya goti. Alifika Tusimame kuomba trisikli, akabaki kama fundi. Mkono wake haukuwa na haraka. Fremu aliyoichomelea ilikaa sawasawa kwenye sakafu, na ukiiachia kwenye mteremko ilikwenda mbele bila kuvuta upande. Trisikli yake mwenyewe aliipaka rangi nyekundu, na nyuma ya kiti alichomelea kwa waya jina la binti yake wa kwanza: Jaël.

Wakati wa mvua mwaka juzi, Daniella, mke wa Théodore, alipasuliwa ili azae. Mtoto alitoka mzima, wa kiume. Mama alipata joto kali la mwili, akakaa siku nyingi kuliko ilivyotarajiwa, na facture, hesabu ya matibabu, ikapanda. Hospitali zetu zina desturi moja inayojulikana na kila mtu: asiyelipa haruhusiwi kutoka. Daniella alipona, akaondolewa kitandani, akaambiwa angoje kulipiwa.

Théodore alikwenda kibandani kwa Chiku asubuhi, kabla wateja hawajajaa. Hakuteremka kwenye trisikli yake.

"Ya Chiku, niko na matata," alisema, akimwita dada kwa heshima. "Banamuzuia Daniella ku hôpital. Iko deni ya dola mia moja na makumi nane. Naomba chama inikopeshe. Mutakata kwa mushahara yangu mpaka iishe."

Chiku alimpa pole, akamuuliza afya ya mtoto. Kisha akamweleza, kwa upole kabisa, kwamba fedha za mishahara hazijafika kutoka Ubelgiji, na kwamba akiba haiguswi.

"Minye najua kifungu," Théodore alisema. "Nilinyoosha mukono siku ile. Lakini huyu ni mutu wa atelie."

"Kila mutu iko na mugonjwa, Théo. Nikikufungulia weye leo, kesho nitamufungia nani?"

Akatoa katika mauzo ya jana faranga elfu ishirini, pesa yake mwenyewe, akampa. Théodore alizipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akageuza trisikli. Chiku alimwangalia akipita kati ya wauza unga, akaona moyoni kwamba ametenda vema: kanuni amelinda, na mtu amemsaidia kwa chake.

Baada ya siku kadhaa Théodore alianza kuja kazini kwa magongo. Alisema trisikli inangoja mpira. Kisha kuja kwenyewe kukawa mara moja moja, na mwisho akaacha. Bilal alipoulizwa alisema Théodore amehamia Buluo, nje kidogo ya mji, kwa mama mkwe wake, anachomelea madirisha huko. Chiku aliona ni jambo la kawaida, mafundi huenda wanakopata. Wakachukuliwa vijana wawili waliojifunza kwake.

Siku moja alikuwa akipanga beringi mezani aliposikia mtu akipiga kelele watu wampishe. Alikuwa Cédrick, mmoja wa wabeba mizigo wa soko, mwenye miguu miwili yenye afya. Alikuwa akisukuma trisikli nyekundu iliyokatwa kiti na kuwekewa ubao, na juu ya ubao magunia matatu ya unga. Waya wa jina ulikuwa bado pale nyuma, herufi ya mwisho imevunjika.

Chiku alitoka kibandani bila kufunga.

"Hii kintu umetoa wapi?"

Cédrick alidhani anashitakiwa. "Nilinunua, mama! Kwa fundi mwenyewe. Muulize. Alitaka dola mia mbili, tukaelewana mia moja na thelathini. Alikuwa na haraka. Bibi yake ilikuwa ku maternité."

Chiku alishika ule waya mkononi kidogo, kisha akampisha apite, kwa kuwa watu wa nyuma walikuwa wameanza kupiga kelele.

Jioni alimkuta Bilal akipaka mafuta mnyororo, akamuuliza kama alijua.

"Nilijua," Bilal alisema.

"Na hukuniambia."

"Alinikataza. Na minye niliona, nikikuambia, utafanya nini? Kifungu ni chako."

"Ungeniambia, Bilal. Mimi ni yaya yako, dada yako mkubwa."

"Mfungwa wa kwanza wa ile kufuli ni weye mwenyewe, yaya," Bilal alisema, na akaendelea na mnyororo wake.

Mtu angedhani Chiku alikwenda Buluo kesho yake. Hakwenda. Aliona aibu, na aibu yake ilikuwa na ukaidi ndani. Alijiambia kwamba kama angefungua akiba kwa ajili ya Daniella, wangekuja na wengine, na kwamba sheria haina ndugu. Alizisema sababu hizo kwa mumewe Djibril aliporudi kutoka mpakani Kasumbalesa na lori lake. Djibril alizisikiliza zote huku akila, akasema ni sababu nzuri. Halafu akauliza, "Sasa yule fundi anatembeaje huko Buluo na hii matope?" Chiku akaondoa sahani.

Miezi ikapita. Kisha Kabongo akapigiwa simu kutoka Ubelgiji. Mzee aliyezungumza naye alikuwa na sauti ya huzuni. Wastaafu wenzake walikuwa wamekufa mmoja mmoja, waliobaki walikuwa katika nyumba za wazee, na kikundi chao kinafungwa. Watatuma mara moja tu tena, halafu basi. Kabongo alishukuru kwa Kifaransa chake cha darasani, akakata simu, na akamwita Bilal.

Mkutano ulifanyika katika atelie yenyewe, watu wamekaa juu ya majenti na katika trisikli zao. Chiku aliwaeleza hali ilivyo. Benki kulikuwa na dola elfu tatu na kidogo. Stoo ilikuwa na vyuma vya thamani kama hiyo. Wakilipana nusu mshahara, atelie ingeweza kuishi karibu mwaka mmoja bila msaada wa mtu, na ndani ya muda huo watafute wateja wanaolipa.

Kabongo alisimama, akaegemea fimbo yake. "Nilitaka tujenge ofisi," alisema. "Kama mungenisikia, leo tungekuwa na ofisi muzuri ya kufia njaa ndani yake. Mama Chiku, ninakushukuru mbele ya bantu wote."

Watu walipiga makofi. Chiku aliinamisha kichwa. Alikuwa ameingoja sifa ile kwa miaka, na sasa ilipokuja hakuweza kuifurahia vizuri, kwa sababu macho yake yalikuwa yameangukia meza ya kuchomelea, na aliyekuwa ameikalia alikuwa mmoja wa wale vijana wawili.

Kazi ilipatikana upesi kuliko walivyotegemea. Masista waliokuwa wakitunza walemavu katika parokia kadhaa waliagiza trisikli kumi na mbili, malipo nusu mwanzoni na nusu mwishoni. Chiku alifungua stoo, mabomba yakatoka. Atelie ikawa na kelele tena. Lakini sita za kwanza zilipopelekwa, nne zilirudishwa. Fremu zilikuwa zimepinda kidogo kwenye viungo, kiasi ambacho jicho halioni, lakini anayeendesha lazima apigane na usukani ili asiingie mtaroni. Mwanamke mmoja alikuwa ameingia kweli, akaumia bega. Sista aliyezirudisha hakuwa na hasira. Alisema tu kwamba kama nyingine zitakuwa hivi, watalazimika kutafuta fundi Lubumbashi, na watahitaji malipo yao yarudishwe.

Vijana walijitetea kwamba umeme ulikuwa ukishuka na kupanda, na hilo lilikuwa kweli. Lakini wakati wa Théodore umeme ulikuwa ukishuka na kupanda vilevile.

Bilal alimtazama dada yake. Chiku akaenda kutafuta pikipiki ya kumpeleka Buluo.

Alimkuta Théodore kando ya barabara huko Buluo, chini ya kipande cha turubai, ameketi juu ya debe, anachomelea nondo za dirisha. Magongo yalikuwa yamelazwa pembeni. Alipomwona Chiku alizima mashine, akavua miwani, akamsalimu kwa heshima kama siku zote, akamwita Daniella alete kiti.

Daniella alileta kiti na maji ya kunywa. Mtoto alikuwa mgongoni, mnene, mwenye meno mawili. Chiku alimshika mguu, akamsifu, akauliza jina. Aliitwa Divin. Kisha Chiku akasema alichokuja kusema.

"Daniella, mume wako alikuja kwangu wakati ule, nikamurudisha. Sikukuja hata kukuona. Nimekuja kuomba radhi."

Daniella alikaa kwenye kizingiti. Hakuwa mwanamke wa kupiga kelele.

"Tulikuwa wanawake tisa ku kolidori," alisema. "Tulilala chini kwa mukeka. Banakupa chakula kama ndugu yako amekuletea. Maziwa yangu ilikauka, mwenzangu mumoja njo alimunyonyesha huyu mutoto. Yeye alibaki pale, minye nikatoka. Sijui kama alitoka." Alimgeuza mtoto akamweka kifuani. "Sina hasira na weye, mama. Nilikuwa nayo. Lakini nilitaka ujue vile ilikuwa."

"Aksanti kuniambia," Chiku alisema.

Kisha akamgeukia Théodore, akamweleza habari ya Ubelgiji, ya masista, ya fremu nne. Akasema chama kitamlipa mshahara wake wote, si nusu, na kwamba yeye Chiku atamrudishia kwa pesa yake dola zile alizopoteza kwenye trisikli.

Théodore alitikisa kichwa. "Sitaki falanga yako, Ya Chiku. Weye ulinipa elfu ishirini wakati ule, na haukuwa na lazima. Chama njo ilinikatalia. Chama iko na akiba ya mabomba. Iko na akiba ya majenti. Ya bantu haiko."

"Akiba ikifunguliwa kwa magonjwa haitafika mwezi wa tatu. Unabajua wenzako. Kila siku kuna mugonjwa, kila siku kuna matanga."

"Najua."

"Leo atelie iko inapumua sababu sikufungua."

"Na leo umekuja Buluo sababu haukufungua," Théodore alisema.

Chiku alicheka bila kutaka, na Daniella naye akacheka, na baada ya hapo mazungumzo yakawa mazungumzo ya kweli. Yalichukua mchana mzima. Théodore alitaka fungu la pekee kwa ajili ya watu, tofauti na lile la vyuma. Chiku alisema sawa, lakini liwe dogo, na likiisha limeisha, watu wasikimbilie lile lingine. Théodore alitaka wanaotoa uamuzi wawe watatu, asiwe mweka hazina peke yake. Hilo lilimchoma Chiku, kisha akaona ni ahueni, kwa kuwa hatakuwa tena yeye peke yake wa kusema hapana. Lakini kwa upande wake alikataa katakata iwe zawadi. Iwe mkopo, urudishwe kidogo kidogo, na asiyerudisha asikopeshwe tena.

"Na kama amekufa?" Daniella aliuliza.

Wakaangaliana. "Kama amekufa, basi," Chiku alisema.

"Peleka hayo ku mkutano," Théodore alisema. "Bakikubali, nitarudi. Bakikataa, nitakuchomelea hizo fremu kwa bei ya fundi wa njiani, tuachane muzuri."

Mkutano haukuwa rahisi kama Chiku alivyodhani. Hakuna aliyepinga mafundi wasaidiwe. Waliopinga walikuwa wanachama wasio mafundi, wale wanaouza vocha za simu na karanga barabarani. Walisema akiba imetokana na trisikli, na trisikli ni za walemavu wote, sasa kwa nini mke wa fundi atolewe hospitali na mke wa muuza karanga abaki? Mzee mmoja alitaka kujua ni nani atakayesema huyu ni mgonjwa kweli na huyu anataka kununua redio. Sauti zilipanda. Wengine walisema Mama Kufuli amelainika kwa sababu anamhitaji Théodore, na kama angekuwa fundi mbovu angebaki Buluo mpaka leo.

Chiku alisikia hayo na akaona yana ukweli ndani yake. Aliomba kusema.

"Ni kweli nilimufuata sababu ya fremu," alisema. "Sitadanganya. Lakini kule nilikuta mambo ingine. Yule mama alilala chini, na mimi nilikuwa na mabomba kwa stoo yamepangwa muzuri kama vitanda. Kifungu niliwapa minye. Kwa chuma ni kifungu kizuri, sikitoi. Ninaomba tuongeze kingine. Na kiwe cha wanachama wote, aliyeuliza habari ya muuza karanga ameuliza vizuri."

Alikaa. Kabongo alitaka kuongeza hotuba, Bilal akamvuta shati. Wakahesabu mikono. Waliokubali walikuwa wengi, ingawa wawili walisukuma trisikli zao wakaondoka kabla ya kumalizika, na mmoja kati yao hajarudi mpaka leo.

Théodore alirudi kazini wiki iliyofuata. Zile fremu nne alizikata kwenye viungo, akazinyoosha, akazichomelea upya, na sita zilizobaki akazifanya pamoja na vijana wale wawili, akiwasimamia. Masista walilipa nusu ya mwisho. Trisikli yake nyekundu hakuipata tena: Cédrick alisema inamlisha, na kama wanaitaka watoe mia tatu. Théodore alitukana kidogo, akajitengenezea nyingine, ya kijani, isiyo na jina.

Tusimame haikupata mfadhili mpya. Wanatengeneza vitanda vya hospitali, madawati, mikokoteni ya soko, na trisikli pale mtu au kanisa linapolipia. Kuna miezi mishahara inachelewa. Akiba ya chuma ilishuka mpaka robo, ikakaa hapo kwa muda, na mwaka huu imeanza kupanda polepole. Akiba ya watu ni ndogo sana, na mara mbili imekauka kabisa. Wanaokaa kuamua ni Chiku, Théodore na yule mzee aliyeuliza habari ya redio, ambaye ameonekana kuwa mkali kuliko wote. Wametoa mikopo saba. Sita inarudi au imekwisha kurudi.

Wa saba ni wa Ruffin, muuza vocha, aliyekopa dola themanini kwa matibabu ya jicho. Alitibiwa, akapona, akaondoka kwenda machimboni upande wa Kolwezi kuuza vocha huko, na simu yake haikupatikana tena. Wanachama kadhaa walikasirika. Walitaka waende nyumbani kwa mama yake, hapa hapa Kikula, wakachukue cherehani yake mpaka deni lilipwe. Walitegemea Chiku atakuwa wa kwanza kuunga mkono.

Chiku alikwenda kweli, peke yake. Alimkuta mama anashona sare za shule, miguu yake imevimba, cherehani ndiyo inayomlisha yeye na wajukuu wawili. Alikaa naye, akanywa chai, akauliza habari za Ruffin. Mama hakujua mengi kuliko yeye. Aliporudi aliwaambia wenzake kwamba hakuchukua kitu na hatachukua, na anayetaka kwenda kubeba cherehani ile aende na jina lake mwenyewe, si la Tusimame. Hakuna aliyekwenda.

Mwezi uliopita ziliingia dola kumi na tano kwa simu, kutoka nambari isiyojulikana, bila neno lolote. Chiku alipiga nambari ile mara kadhaa, ikaita bila kujibiwa. Aliandika kumi na tano chini ya jina la Ruffin, kisha akapitia kwa yule mama kumwambia kwamba mwanawe yuko hai.